Moto wa Tatu wa Subilaga

"Pembeni mwa moto, hata chungu cha fundi hupasuka."

Maneno hayo mmeyasikia asubuhi ya leo kinywani mwa Mama Lusekelo, mkanifuata hapa bandani kuniuliza yametoka wapi. Mlidhani ni ya wahenga. Wahenga hawayajui. Methali hii ni changa kuliko magoti yangu, na nitawaeleza ilivyozaliwa, kwa sharti moja: kazi isisimame. Mikono iendelee kukwangua vyungu, masikio ndiyo yanisikilize. Magunzi yenu yakinyamaza, na mimi nanyamaza.

Na kabla sijaanza niseme lililo moyoni. Sikupenda mlivyomcheka Bupe. Jana vyungu vyake vilipotolewa motoni vikiwa na nyufa, wewe Sekela ulisema mikono yake inafaa kupiga kasia tu, na wenzako wakashikana mabega kwa kicheko. Nilikuwa nimekaa karibu, nikasikia. Nilitaka kukasirika nikashindwa, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kusema maneno mabaya kuliko hayo, tena nikiwa mtu mzima mwenye watoto wanne. Basi sikilizeni.

Zamani kila mwanamke wa hapa Lwambi alifinyanga kwake na kuchoma kwake, uani, nyuma ya nyumba. Vyungu vikishaiva alivipanga kando ya njia na kumngoja mchuuzi aje na boti yake. Mchuuzi alijua kwamba mwanamke mmoja hana boti, na chungu hakiliwi, kwa hiyo alikuja siku aliyotaka na kuchukua kwa bei aliyotaka. Ukibishana naye alihamia ua wa jirani. Jirani naye ana watoto, atafanyaje? Akauza.

Aliyetuunganisha ni Bibi Gwantwa, mwanamke mfupi, mjane, asiyejua kusoma lakini anayejua kuuliza. Alipita nyumba kwa nyumba na swali moja tu: "Mchuuzi akija akakuta wote tumekataa, vyungu atanunua kwa nani?" Ndivyo ulivyoanza Umoja wa Wafinyanzi wa Lwambi. Tulikuwa wanawake kumi na wanane. Kijiji kilituachia shimo la udongo la kule mtoni, tukanunua boti yetu, kuukuu, inayovuja kama kikapu, lakini ilitufikisha mnadani kila Jumamosi. Na tukaacha kuchoma kila mtu peke yake. Tulichagua mahali peupe ufukweni, karibu na boti, tukawa tunachoma vyungu vyote kwa moto mmoja mkubwa, maana kuni za moto mmoja ni chache kuliko za mioto kumi na minane. Tulijiona wajanja. Na kweli tulikuwa wajanja, isipokuwa kwa jambo moja ambalo nitalifikia.

Kazi ya kupanga moto nilipewa mimi. Mnanijua hivi nilivyo, bibi wa kuinuliwa kwenye kigoda, lakini siku zile mtu akitaja fundi Lwambi hakuwa na haja ya kutaja jina. Vyungu vyangu vilikuwa na ukuta mwembamba, na mabegani nilivichora kwa ukucha madoa kama ya kanga. Mnadani viliisha kabla jua halijapanda. Nilijua hivyo, na watu walijua kwamba najua.

Niliupanga moto namna hii. Katikati niliweka vyungu vya mafundi, na kwa kuwa leo nasema kweli, katikati kabisa niliweka vya kwangu. Kuvizunguka niliweka vya wanachama wengine. Vya mgeni, yaani mwanamke anayejifunza, nilivipanga mwisho, pembeni, upande wa ziwani. Sababu ilikuwepo. Chungu cha mwanafunzi mara nyingi hakijakauka sawasawa ndani ya ukuta wake. Kikipata moto kinalipuka, na vipande vyake vinavunja vyungu vilivyo karibu. Sababu hiyo ilikuwa na akili, na kwa sababu ilikuwa na akili hatukuichunguza tena.

Tulikuwa pia na sheria ya mioto mitatu. Mgeni alichoma mara tatu. Ikifika mara ya tatu, nusu ya vyungu vyake au zaidi vikitoka vizima, alikuwa mwanachama: udongo wa shimo ni wake, boti ni yake, nafasi mnadani ni yake. Visipofika nusu, tulimshukuru, tukamwambia kazi hii si ya mikono yake. Wawili tulishawashukuru hivyo. Wa tatu, Atuganile, alifaulu, na hakuacha kutukumbusha.

Hapo ndipo alipokuja Subilaga.

Alikuwa ametoka huko juu milimani, kwenye viazi na ukungu, akaolewa na kijana wa hapa. Ndoa haikufika miaka saba, mume akafa kwa homa. Akabaki na watoto wawili, wa kiume wa miaka sita na wa kike ambaye bado alikuwa mgongoni. Shemeji yake, Mzee Ambakisye, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto saba na shamba la mihogo lisilowatosha hata wao. Alikwenda kwa Bibi Gwantwa, akamwambia mbele yangu: "Mama, mimi siwezi kulisha nyumba mbili. Huyu shemeji kama ana kazi ya kumweka hapa, nyumba ya marehemu ni yake, akae. Kama hana, arudi kwao. Watoto watabaki, ni wa ukoo."

Alisema kwa upole. Upole haukupunguza kitu. Subilaga alikuwa amesimama nyuma yake, akimfunga mtoto upya mgongoni, na fundo lile la kitenge alilikaza mara tatu.

Bibi Gwantwa alimpokea siku ile ile, akamkabidhi kwangu. Nilimfundisha kama nilivyowafundisha wengine, yaani kwa kelele. Alikuwa msikivu. Alichimba, alikanyaga udongo, alitoa mawe, alikwangua mpaka vidole vikachubuka. Nilipomwambia akaushe siku tano alikausha siku saba. Moyoni nilisema huyu ataweza.

Moto wa kwanza aliweka vyungu vitano. Vinne vikapasuka.

Moto wa pili aliweka sita. Vinne vikapasuka.

Hapo maneno yakaanza. Mnajua wafinyanzi wa hapa husema mkono wa baridi hauivishi chungu. Basi tukasema mikono ya Subilaga ni ya baridi, imezaliwa kwenye ukungu, imezoea kuchimba viazi. Na aliyeyasema kwanza si Atuganile, ni mimi. Nilisema kisimani, ndoo ikiwa kichwani, na nilipogeuka nilimkuta amesimama nyuma yangu na ndoo yake. Alinisalimia. "Shikamoo, mama." Nikaitikia marahaba, na maji yakanimwagikia usoni.

Siku chache kabla ya moto wa tatu nilimkuta ufukweni, mahali petu pa kuchomea, amechuchumaa. Alikuwa ameokota vigae vya vyungu vyake vilivyopasuka, akavipanga mchangani kimoja kimoja kama mtu anayetandaza dagaa.

"Unatafuta nini?" nikamuuliza. "Chungu kilichopasuka hakishonwi."

"Najua, mama. Naangalia ufa unaanzia wapi." Akanyoosha kidole. "Nilipoviweka niliviwekea alama ya kujua upande. Vyote vimepasukia upande mmoja. Huu wa ziwani."

"Basi?"

"Basi najiuliza tu. Mikono yangu ikiwa mibaya, si ingeharibu pande zote?"

Nilimwambia akakwangue vyungu vyake aache kuuliza vigae. Lakini neno lile lilinifuata nyumbani kama mbwa. Nikaliingiza ndani, nikalifungia mlango.

Siku ya moto wa tatu ilifika. Asubuhi vyungu vilianikwa juani vipate joto, na mchana tulianza kupanga kuni na nyasi kavu, kama mnavyofanya sasa. Subilaga alileta vyungu vinane. Maana yake alihitaji vizima vinne. Nami nilikuwa nimeleta chungu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kufinyanga, cha kupikia, chenye madoa ya kanga mistari mitatu. Binti yangu wa kwanza alikuwa anaolewa mwezi ule, na nilitaka aingie ukweni na chungu ambacho mama mkwe atakiangalia kabla ya kumwangalia bibi harusi. Nilikifanya kwa wiki tatu. Nilikuwa sikigusi nikiwa na hasira.

Mzee Ambakisye naye alikuja. Alikaa juu ya ubavu wa boti, kofia mkononi, akingoja.

Nilipomaliza kupanga katikati na kuanza kuvisogeza vyungu vya Subilaga pembeni, alikuja karibu yangu.

"Mama Tupokigwe, naomba kitu kimoja."

"Katikati hupati," nikasema. "Mgeni hakai katikati."

"Siombi katikati. Naomba uweke chungu chako kimoja hapa pembeni, karibu na vyangu. Kimoja tu, hata kidogo."

Atuganile akacheka, na wengine wakafuata, na mimi nikacheka kuwashinda wote. Nikaona huyu mtoto wa milimani ananipima. Bibi Gwantwa alinitazama kwa yale macho yake ya kuuliza.

"Kidogo cha nini?" nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye boti. "Leteni kile kikubwa."

"Cha binti?" Bibi Gwantwa akauliza. "Tupokigwe, fikiri."

"Nimefikiri. Chungu changu hata ukikichoma kwenye mvua kitaiva."

Wenyewe mmesikia. Kiburi hakikunisukuma, kilinibeba. Nikakitoa chungu cha binti yangu katikati, nikakiweka pembeni upande wa ziwani, katikati ya vile vinane vya Subilaga. Tukafunika kwa kuni na nyasi, tukawasha.

Moto ulishika vizuri. Kisha, kama kawaida ya alasiri, upepo ukaanza kuja kutoka ziwani. Ulilaza ndimi za moto kuelekea milimani, na upande ule wa pembeni mkaa ukawa unawaka na kufifia, unawaka na kufifia. Nilikuwa nimeuona upepo huo karibu kila siku ya kuchoma kwa miaka minne. Siku ile ndiyo nilimwona anayepigwa nao.

Tukasikia "ta!" Kila mfinyanzi anaijua sauti hiyo. Ikaja nyingine, na nyingine. Nilikuwa nikihesabu na kujiambia hicho ni cha Subilaga, na hicho, na hicho. Kisha ikaja moja nzito, ya chini, kama mtu amepiga mlango kwa kiganja. Hakuna chungu kidogo kinachotoa sauti ile.

Tulingoja moto upoe, tukafukua. Katikati vyote vilikuwa vizima na vyekundu kama embe bivu. Pembeni, katika vyungu vinane vya Subilaga, vitatu vilikuwa vizima na vitano vimepasuka. Alipungukiwa na kimoja. Na chungu cha binti yangu kilikuwa na ufa kutoka mdomoni mpaka tumboni, na nilipokigusa kilifunguka vipande vinne mikononi mwangu.

Sikulia. Nilitamani sana kulia.

Atuganile ndiye aliyeanza. "Si nilisema? Chungu cha mgeni kimelipuka kikapasua cha fundi! Ndiyo maana hawakai karibu na vyetu!" Na wanawake wakaitika kwa pamoja, ndiyo, ndiyo, kimelipuka, maskini Tupokigwe, na chungu chenyewe cha harusi. Walinihurumia kwa moyo. Walinifungulia njia ya kutokea, pana, na wote walikuwa wamesogea pembeni ili nipite.

Mzee Ambakisye akashuka kwenye boti. "Mama Mwenyekiti," akasema, "tumalize. Amefaulu au hakufaulu?"

Bibi Gwantwa alinitazama mimi.

Subilaga hakumtazama mtu. Alikuwa anamfunga mtoto mgongoni, analikaza lile fundo, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.

Nilipiga magoti nikavichungulia vile vyake vitano. Nyinyi wenyewe mnajua sasa, chungu kinacholipuka huacha shimo na vipande vidogo vidogo. Hapakuwa na shimo. Palikuwa na nyufa ndefu, kutoka mdomoni kwenda chini, zote upande wa ziwani. Nikautazama ufa wa chungu changu. Ulikuwa upande wa ziwani, kutoka mdomoni kwenda chini. Nyufa zile zilikuwa za mama mmoja.

Nataka mjue kwamba nilishawishika. Si kidogo. Nilifikiri jina langu, nilifikiri binti yangu, nilifikiri mnadani watakavyosema. Nikafikiri na wale wanawake wawili tuliowashukuru, ambao siku ile walikuwa wakiwachotea wengine udongo kwa ujira wa unga, mmoja wao akiwa na mikono mizuri kuliko yangu, na nilijua, na sikuwahi kusema. Kumbe kusema "nimekosea" kunaumiza kwenye meno.

"Pembeni mwa moto," nikasema, "hata chungu cha fundi hupasuka."

"Sema kwa nguvu," akasema Bibi Gwantwa. "Wa nyuma hawajasikia."

Nikasimama na vigae vyangu mikononi. "Hakuna chungu kilicholipuka! Njooni mwangalie. Chungu changu kimepasuka kwa upepo, na vyake vimepasuka kwa upepo. Pembeni mwa moto, hata chungu cha fundi hupasuka!"

Mzee Ambakisye alikuwa bado anangoja. "Sasa hiyo maana yake nini? Amefaulu au hakufaulu?"

"Maana yake," Bibi Gwantwa akamjibu, "hatujampima bado. Tulikuwa tunaupima upepo."

"Na sheria ya mioto mitatu?" Atuganile akauliza. "Mimi nilipimwa kwa mitatu."

"Siku ya moto wako wa tatu," nikamwambia, "hata jani la mgomba halikutikisika. Nakumbuka, kwa sababu moshi ulitutesa." Alifungua kinywa, akakumbuka na yeye, akakifunga. Namsifu kwa hilo, maana wengi hukumbuka na bado wanaendelea kusema.

"Subilaga atachoma tena baada ya wiki mbili, Alhamisi," Bibi Gwantwa akasema. "Katikati."

"Na vikilipuka kweli vikavunja vyetu?"

"Vitavunja vyetu. Kwani tuliungana ili tufanye nini, Atuganile? Kama kila mtu ni kulinda chungu chake tu, basi turudi uani kwetu, tukamngojee mchuuzi."

Hapo Bibi Gwantwa mwenyewe akasita. Akageuka akaitazama njia ya kijijini, akatazama ufukwe, akashika kiuno. "Uani," akasema polepole. "Mama zetu walichomea uani, nyuma ya nyumba. Nyumba ndiyo iliyokinga upepo. Sisi tuliuleta moto huku peupe, na nyumba tukaziacha kule."

Ndilo lile jambo moja nililosema nitalifikia. Wanawake kumi na wanane, miaka minne, wenye akili zetu zote. Tulihama na moto tukasahau kuhama na ukuta, na kwa kuwa waliopasukiwa walikuwa wageni, hakuna aliyeona kuna kitu cha kutafuta.

Watu walipoanza kutawanyika Subilaga alinijia. Nilijua anakuja kushukuru, na sikutaka kushukuriwa. Lakini alisema, "Mama, naomba vigae vyako."

Nikampa. Nilidhani atavitwanga achanganye na udongo, kama tunavyofanya siku zote. Alhamisi alivileta vikiwa vizima, pamoja na vigae vikubwa alivyovikusanya kutoka nyua zote za Lwambi, vya vyungu vya wageni wote waliowahi kupasukiwa. Akavisimamisha kuzunguka moto upande wa ziwani, kimoja kikiegemea kingine, mpaka vikawa ukuta unaonifika gotini. Upepo wa alasiri ulipokuja ulipiga ukuta ule ukapita juu. Ndio huo ukuta mnaoupanga hata leo. Hatukufundishwa na mtaalamu yeyote. Ulijengwa kwa vyungu tulivyosema ni vya watu wasiofaa.

Aliweka vyungu vinane katikati, mahali pangu. Vilitoka vizima saba. Cha nane kilipasuka kitako, nikakigeuza nikakikagua, na nikafurahi kuliko nilivyofurahia vile saba. "Hili sasa ni kosa lako," nikamwambia. "Kitako umekiacha kinene kama cha mtu aliyekula sana." Alicheka. Nilikuwa nimekaa na mwanamke yule miezi mitano, na siku ile ndiyo nilimsikia akicheka. Na hapo ndipo nilipoanza kumfundisha kweli, kwa sababu ndipo nilipoanza kuona kosa lipi ni la mkono na lipi ni la mahali.

Mzee Ambakisye alivihesabu vile saba kwa kidole, akavaa kofia, akaenda. Moto uliofuata alituletea kuni mtumbwi mzima. Hakusema ni za nini, na sisi hatukumuuliza. Wale wawili tuliokuwa tumewashukuru, Bibi Gwantwa aliwafuata nyumbani akawarudisha. Na tangu siku hiyo mahali motoni ni kwa zamu, awe fundi, awe mgeni, kila mtu anakaa pembeni siku yake ikifika.

Binti yangu aliolewa akaenda na masufuria ya dukani. Mpaka leo akija kunisalimia hunikumbusha.

Sasa msije mkaigeuza methali hii kuwa kivuli cha wavivu. Anayeacha mawe ndani ya udongo, anayekausha siku mbili akasema tano, huyo hata umweke katikati atapasukiwa, na atatupasulia na sisi. Ndiyo maana huyo wa kitako kinene nilimwambia kosa lake. Lakini kabla hujasema mikono ya mtu ni mibaya, kwanza uliza amewekwa wapi. Jana ilikuwa zamu ya Bupe kukaa pembeni. Upepo ulikuwa mkali mpaka ukaangusha vigae viwili, sote tuliona, na bado mlicheka. Mama Lusekelo hakuwagombeza. Alisema methali tu akaenda zake, kwa sababu yeye si mtu wa kelele. Mimi ndiye mtu wa kelele.

Mbona mnanitazama hivyo? Ehe, magunzi yamenyamaza. Mlidhani mtu huzaliwa akiitwa Mama Lusekelo? Yule mtoto wa miaka sita ndiye Lusekelo, anayeendesha boti yetu. Subilaga ndilo jina alilokuja nalo kutoka milimani.

Na wewe Sekela, unakijua kile kigae kikubwa mnachokiita mlango, kile mnachogombania nani akibebe kwa sababu ni kizito? Umewahi kukifuta majivu? Kifute. Utakuta madoa ya kanga, mistari mitatu. Hilo ni bega la chungu cha binti yangu. Miaka yote hii kimekaa pembeni mwa moto, na kwa kukaa kwake pale nimehesabu vyungu vizima mpaka nimechoka kuhesabu.

Kesho kutwa tunachoma tena. Zamu ya pembeni ni yangu, na magoti haya hayatanipa ruhusa. Wewe nafasi yako iko katikati, nimeona kwenye orodha. Kile chungu chako ulichokikwangua mpaka kinang'aa, utakiweka wapi?

Nini? Sema kwa nguvu, wa nyuma hawajasikia.

Pembeni, mahali pangu, na nafasi yako ya katikati umpe Bupe. Haya. Mwendee sasa hivi umwambie mwenyewe, usinitume mimi. Na ukifika kwake usianze kwa kuomba radhi ndefu, atalia na udongo utalowa. Anza na hilo mlilokuja kuniuliza, maana sasa unalijua: pembeni mwa moto, hata chungu cha fundi hupasuka.